Memori Kadi: Pimeni Kilichomo, Si Kilichoandikwa



Juma hili twajibu barua ya dada yetu mmoja, mzaliwa wa Pwani, ambaye sasa akaa Kitengela pamoja na mumewe na watoto. Mumewe afanya kazi mjini Kajiado. Huishika njia ya Namanga alfajiri, akapita Isinya, na hurudi jioni watoto wakiwa wamekwisha kula. Kwa hiyo dada yetu ndiye aachiwaye nyumba na hukumu zake zote. Hukumu iliyomshinda safari hii ni ndogo kwa umbo lakini kubwa kwa kelele. Mjomba wa watoto, akaaye Muscat, aliwaletea kifaa cha michezo cha mkononi, aina ya Nintendo Switch. Vijana ni wawili, mmoja wa miaka 13 na mwingine wa miaka 9. Kifaa kimejaa. Kila mkubwa atakapo mchezo mpya, huufuta wa mdogo. Na mdogo hulia akisema kazi yake ya miezi mingi imepotea.

Dada yetu atuuliza mambo mawili. La kwanza: mkubwa amemwambia kuwa iko memori kadi iliyoandikwa TB 1, nayo yauzwa kwa bei ya chini mno, je, ainunue? La pili: ikiwa hiyo haifai, je, atumie kadi iliyotoka katika simu ya marehemu baba yake? Kadi hiyo imo sandukuni tangu mzee afariki, na ndani yake mna sauti yake akiwasalimia wajukuu na kuwasomea Qur'ani. Asema kadi imekaa bure, na watoto wahitaji nafasi.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: ile ya kwanza asiinunue, na ile ya pili asiitie katika kifaa kabisa. Sababu zake twazieleza hapa chini, kwani twaamini dada yetu si peke yake. Tumewauliza wajuao mambo ya vifaa hivi, na yale ya haki na biashara tumeyatazama kwa yale tuliyofundishwa.

Kwa nini kifaa hujaa upesi

Nintendo Switch ilitoka Machi 2017, na ile ndogo iitwayo Lite ikatoka Septemba 2019. Zote mbili zina nafasi ya GB 32 tu. Katika hizo, sehemu imekwisha kuchukuliwa na mfumo wa kifaa chenyewe, ikabaki takriban GB 26 kwa mwenye kucheza. Ile iitwayo OLED, iliyotoka Oktoba 2021, ina GB 64. Sasa mchezo mmoja mkubwa, kama The Legend of Zelda: Breath of the Wild, huchukua takriban GB 14. Mario Kart 8 Deluxe huchukua takriban GB 7. Ukiijumlisha hiyo miwili, GB 21 zimekwenda, na kila kijana hajapata ila mchezo mmoja. Basi ugomvi wa watoto hawa una asili yake katika hesabu kabla ya kuwa katika tabia. Twaanza hapo ili mzazi asiwalaumu kwa yote.

Lakini liko jambo ambalo vijana wote wawili hawakulijua, na lau wangalilijua machozi mengi yangalipungua. Katika kifaa hiki, mchezo ni kitu kimoja, na hatua aliyofikia mchezaji ni kitu kingine. Anayeufuta mchezo kwa njia ya kawaida huondoa ule mzigo mkubwa wa GB, lakini ile hatua hubaki ndani ya kifaa, kwa sababu ni ndogo. Haiondoki mpaka mtu aende makusudi katika mipangilio na kuifuta yenyewe. Kwa hiyo kazi ya yule mdogo huenda ipo. Mchezo ukirudishwa, aghalabu ataendelea pale pale alipoachia. Kilichopotea ni bando la kuupakua tena, na bando ni mali ya baba. Hilo nalo si dogo.

La pili wasilolijua ni kwamba kifaa kimoja chaweza kuwa na watumiaji wengi, kila mmoja kwa jina lake. Mchezo huwekwa mara moja tu, lakini kila mtumiaji huwekewa hatua yake mwenyewe. Kwa hiyo watoto wawili wapendao mchezo mmoja hawahitaji nafasi mara mbili, wala hakuna haja ya mmoja kuianza kazi ya mwenzake upya. Ipo michezo michache isiyofuata kawaida hii kwa ukamilifu. Animal Crossing: New Horizons, kwa mfano, huwapa watu wote wa kifaa kimoja kisiwa kimoja. Mzazi na aulize kabla ya kununua.

La tatu: mchezo ulionunuliwa katika kaseti yake ndogo hauli nafasi kama ule uliopakuliwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya mchezo imo ndani ya kaseti yenyewe. Tena kaseti huweza kuazimwa kwa jirani na kurudishwa.

Kadi yenyewe ni nini

Baada ya hayo yote, ikiwa nafasi bado haitoshi, kadi ni njia njema. Kifaa hiki chapokea kadi ndogo iitwayo microSD, yenye urefu wa milimita 15 na upana wa milimita 11, ukubwa kama wa ukucha. Tundu lake liko nyuma ya kifaa, chini ya kile kiguu cha kukisimamishia. Kwa Lite, liko upande wa chini, chini ya kifuniko. Kifaa huzimwa kabisa kabla ya kuitia kadi au kuitoa. Na kwa wenye watoto wadogo twaonya: kitu cha ukubwa huo huingia kinywani upesi, basi kisiachwe juu ya mkeka.

Kadi hizi zina daraja. Isiyozidi GB 2 huitwa SD tu. Iliyozidi hapo mpaka GB 32 huitwa SDHC. Iliyozidi GB 32 mpaka TB 2 huitwa SDXC. Switch hupokea zote hizi, ila kwa SDXC huenda kifaa kikataka kwanza kuunganishwa na intaneti kipate sasisho, basi wakaao mbali na mtandao mzuri walifanye hilo wakiwa mjini. Upande wa mwendo, tazameni alama ya UHS-I, ambayo ni herufi I iliyochapwa juu ya kadi. Nintendo wenyewe hupendekeza kadi ya UHS-I isomayo MB 60 hadi 95 kwa sekunde. Kwa vijana wawili, twaona GB 128 zatosha; hapo yaingia michezo minane ya ukubwa wa ile Zelda. Kuzidisha zaidi ya hapo ni kulipia ghala lisilo na nafaka.

Wala msishtuke kadi ya GB 128 ikionyesha takriban 119 kwenye kompyuta. Huo si wizi. Kiwanda huhesabu kwa maelfu, na kompyuta huhesabu kwa 1,024. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo hiyo.

Wenye Nintendo Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, hukumu yao ni nyingine. Ile ina GB 256 ndani yake, nayo kwa michezo haikubali ila kadi mpya iitwayo microSD Express. Kadi ya zamani ikitiwa humo huweza kutoa picha na video tu. Basi anayeagiza kadi kwa ndugu aliye Ughaibuni na aandike jina la kifaa kwa ukamilifu, asije akaletewa kitu kizuri kisichomfaa.

Kadi kavu juu, majimaji chini

Sasa turudi katika ile kadi ya TB 1 ya bei ya chini. Kadi ya microSD ya TB 1 ilitangazwa mara ya kwanza mwaka 2019, na mpaka leo ni bidhaa ya gharama. Ukiambiwa bei yake ni kama ya kadi ya GB 16, uliza ni nani aliyebeba hasara. Na ukionyeshwa iliyoandikwa TB 16, usiulize kitu, shika njia yako. Hakuna kiwanda kiuzacho microSD ya ukubwa huo.

Udanganyifu wake hufanywa hivi. Ndani ya kadi mna sehemu ya kuhifadhi, na mna kitu kidogo kiongozacho sehemu hiyo, ambacho ndicho kijibuo kompyuta inapouliza, "Una nafasi gani?" Mwenye kughushi huchukua kadi ya GB 8, akakifundisha kile kiongozi kujibu "TB 1," kisha akachapa maandishi ya uongo juu yake. Ukiitia katika kifaa, yasema TB 1. Ukiweka mchezo mdogo, waingia. Mambo ni mazuri mpaka GB 8 zijae. Kuanzia hapo, kila kiingiacho ama hukanyaga kilichotangulia ama hupotea hewani, na majina ya mafaili hubaki yakionekana kana kwamba vitu vipo. Siku mtoto afunguapo mchezo, aambiwa umeharibika. Hapo mkubwa humshuku mdogo, mdogo humshuku mkubwa, na mwizi wa kweli hayumo nyumbani.

Tumesoma sote madrasani kisa cha Bwana Mtume, Swalla Allahu alayhi wasallam, alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la chakula na vidole vyake vikakuta majimaji. Muuzaji alisema kuwa mvua ndiyo iliyokinyea. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kilichorowa ili watu wakione, akabainisha kuwa mwenye kudanganya hayumo katika njia yake. Kadi hii ndilo rundo lile lile: kavu juu, majimaji chini, na mnunuzi hana mkono wa kuutia ndani. Ndiyo maana twasema kipimo ni wajibu kwa muuzaji na hekima kwa mnunuzi. Na wazee wetu walikwisha kutuambia: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Jinsi ya kununua

Dada yetu halazimiki kusafiri hadi Luthuli Avenue jijini Nairobi. Kitengela yenyewe ina maduka, na Kajiado mjini kadhalika. Linalotakiwa ni duka lenye mlango ule ule kesho na keshokutwa, na risiti iliyoandikwa jina la duka, aina ya kadi na ukubwa wake. Anayelipa kwa M-Pesa na auhifadhi ule ujumbe. Nao ni ushahidi.

Kisha aitumie haki ambayo fikihi imempa, na ambayo wengi wetu twaisoma kitabuni tukaiacha huko. Ni khiyari ya sharti: mnunuzi na muuzaji hupatana kuwa biashara yaweza kuvunjwa ndani ya muda maalumu, na kwa madhehebu yetu ya Shafi muda huo hauzidi siku tatu. Aseme waziwazi, "Nainunua kadi hii kwa khiyari ya siku tatu, niipime." Muuzaji mkweli hatakataa, na akikataa amekuokoa mapema. Sharti hilo liandikwe juu ya risiti. Na hata bila ya sharti, aibu iliyofichika ikidhihiri, mnunuzi ana haki ya kurudisha.

Sheria ya nchi nayo iko upande wake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 champa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya fidia akipata hasara kwa kasoro ya bidhaa. Iko pia Sheria ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa ghushi, na mamlaka iliyoundwa kwayo kupokea malalamiko.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Ipo programu ya bure iitwayo H2testw kwa kompyuta za Windows, na nyingine iitwayo F3 kwa kompyuta za Linux na Mac. Programu hizi huijaza kadi yote mpaka pomoni, kisha huisoma tena kuona kama kila kilichowekwa kipo. Kadi ya GB 128 huchukua saa kadhaa. Kama hakuna kompyuta nyumbani, apelekewe kijana wa saiba anayeaminika, aiache asubuhi, aichukue alasiri. Kipimo hiki kifanywe kadi ikiwa tupu, kabla mtoto hajaiona.

Na akiwa amekwisha kuinunua ya uongo na muuzaji hapatikani? Ataivunja, ataitupa. Asije akamuuzia mwingine kwa nusu bei akisema "yafanya kazi," kwa kuwa hapo atakuwa ameupokea udanganyifu kutoka mkono mmoja na kuupitisha mkono wa pili.

Kadi ya marehemu

Ama kadi ya mzee, twamsihi dada yetu asiifikirie kuwa imekaa bure. Imekaa kwa kazi. Kifaa cha michezo huweza kuitaka kadi ifomatiwe, na kufomati maana yake ni kufuta kila kilichomo. Kidole cha mtoto wa miaka 9 chaweza kubonyeza neno "ndiyo" kabla hajalisoma. Sauti ya babu haitapakuliwa tena popote. Mchezo wapakuliwa hata mara kumi.

Tena tusemalo hapa ni kwa kila mwenye kadi kama hiyo. Kadi hizi huhifadhi vitu kwa chembe za umeme zilizofungiwa ndani, nazo chembe hizo hupungua zikikaa miaka mingi bila kutiwa umeme. Kwa hiyo kuifungia sandukuni tu hakuilindi. Juma hili hili sauti hizo zinakiliwe kwenye kompyuta, na nakala ya pili ipelekwe kwa ndugu mwingine wa familia, hata kama yuko Mombasa au Lamu. Baada ya hapo kadi yenyewe irudishwe sandukuni. Akiba haiozi, lakini akiba ya namna hii huoza isiponakiliwa. Na sauti ya mzee ni haki ya warithi wote, basi si ya mmoja kuihatarisha hata kama kadi iko mkononi mwake.

Amri ya nyumbani

Kadi mpya ikiisha kupimwa na kutiwa, michezo huweza kuhamishwa kutoka kifaani kwenda kwenye kadi kupitia mipangilio ya kifaa. Yajulikane mambo mawili. Ile hatua ya mchezaji haiendi kwenye kadi. Hubaki ndani ya kifaa, hivyo kifaa kikiharibika kadi haitaiokoa. Na michezo iliyomo kwenye kadi hufungamana na kifaa kile. Kadi hiyo ikitiwa katika kifaa cha jirani, michezo hiyo haitafunguka.

Kisha mama na awaketishe vijana wake wawili pamoja, mbele ya baba yao akiwa amerudi, na awape amri tatu. Kila mmoja awe na jina lake la mtumiaji. Nafasi igawanywe kwa hesabu inayojulikana, na asiyemaliza fungu lake haulizwi kwa nini. Na mchezo wa mtu haufutwi ila kwa idhini yake, hata kama mfutaji anajua kuwa hatua haitapotea, kwani yule mdogo alikuwa hajui, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Mkubwa na amwombe nduguye radhi kwa hilo. Uadilifu baina ya watoto ni jambo ambalo Mtume wetu alilitilia mkazo mkubwa, na mtoto huujifunza kwa vitu vidogo vya namna hii kabla hajafikia mirathi na mashamba.

Twamkumbusha pia kuwa kadi huongeza nafasi ya michezo, wala haiongezi saa za siku. Wakati wa swala, wa darasa na wa kulala ubaki kama ulivyokuwa kabla ya kadi kuingia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu, na aitie baraka nyumba hiyo ya Kitengela. Wenye maswali na watuandikie, nasi tutayajibu kwa kadiri ya uwezo wetu. Wabillahi tawfiq.